Vipele vya Wajina Wangu

Jumamosi, 4 Oktoba

Wendy anasema mtu aliyejua kuandika asipoandika husahau, kama mguu usiotembea. Ameninunulia daftari. Basi naandika. Shule sikuingia hata siku moja. Herufi nilifundishwa na huyu Wendy, mke wa mwanangu Mutinda, tukiwa jikoni, yeye akisonga ugali na mimi nikichora sakafuni kwa mkaa. Nikikosea alicheka. Nikipatia alicheka pia.

Leo kuku mweupe ametoka na vifaranga wanane. Huwa nawaatamishia kuku chini ya kitanda changu, kwenye kiondo cha zamani, kikapu cha katani, kwa sababu nguchiro wa hapa Miasenyi hawana haya. Mwaka jana walikula mayai yote ya nje, wakatuachia maganda mlangoni. Hilo la kiondo ni wazo langu. Tangu hapo sijapoteza yai.

Mvua bado.

Jumatatu, 6 Oktoba

Mumbe anajikuna tena. Ni mjukuu wangu, ana miaka saba, na jina ni langu. Kwetu Wakamba msichana wa kwanza huchukua jina la mama wa babake. Kwa hivyo analala na mimi, mamake mwenyewe humwita "Mama," na mtu akimtukana najua katukana nani.

Ni vipele vidogo vyekundu, kiunoni, kwapani, nyuma ya shingo. Asubuhi vinawaka, jioni vimepoa kidogo. Hii ni mara ya tatu mwaka huu. Vinakuja, vinakwenda, halafu vinarudi kama mgeni aliyesahau fimbo yake.

Mimi nalala naye kitanda kimoja, blanketi moja, na sina hata kimoja. Mutinda husema ngozi ya mzee ni gome.

Jumanne, 7 Oktoba

Magoti yananiuma. Nimejipaka dawa ya kuchua kuanzia kisigino hadi shingo, kama kila siku. Mumbe ameshika pua, anasema nanuka kama hospitali.

Jumatano, 8 Oktoba

Tumempeleka kliniki Voi. Daktari ni kijana mpole, amemwangalia kila mahali bila haraka. Akauliza sabuni gani, chakula gani, nani mwingine anawashwa. Hakuna mwingine. Akauliza kama kuna mbwa au paka anayelala ndani. Hatuna. Akatoa dawa ya kupaka, akaniita bibi kwa Kikamba, "Susu, hii itatuliza tu. Kuna kitu ngozi yake inakikataa. Kisipoondoka, vipele vitarudi. Angalieni vizuri nyumbani."

Nimeipenda sauti yake. Lakini kuangalia nini? Nyumba ni vyumba vitatu.

Alhamisi, 9 Oktoba

Mumbe amerudishwa nyumbani kutoka shuleni. Wazazi wengine wameogopa watoto wao wataambukizwa. Nilimuuliza kama wenzake wamesema kitu. Akasema wanamwita Mumbe Upele.

Basi na mimi ni Mumbe Upele.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimegombana na Wendy. Yeye hufulia sabuni ya unga, ile yenye harufu ya maua. Nikamwambia sabuni ya kipande imelea watoto wangu watano na hakuna aliyejikuna.

"Mama, nimebadilisha sabuni mara mbili tangu Juni," akasema.

"Basi badilisha mkono."

Akachukua blanketi zote, akazifua upya kwa sabuni ya kipande, na maji yenyewe ni ya kubebwa. Nilikaa mlangoni nikimwangalia mgongo. Neno lilikuwa limeshatoka na sikulirudisha.

Jumapili, 12 Oktoba

Mutinda amekuja kutoka Voi. Huko anaziba pancha za malori, huja nyumbani Jumapili. Baada ya kanisa jirani yangu Mbinya, anayeuza matikiti barabarani, akaingia kunywa chai na kumwangalia mtoto.

"Mama Mutinda, hicho si kipele cha kawaida."

"Ni cha nini?"

"Huko mlimani wanajua mambo." Anamsema Wendy, kwa sababu kwao ni Werugha, ni Mtaita.

"Mambo gani?"

"Wewe unajua."

"Mimi sijui. Kama unajua wewe, basi mwenye mambo ni wewe."

Mbinya ameacha chai nusu. Nimeimalizia. Mimi naweza kumsema mke wa mwanangu. Mbinya hawezi.

Jumanne, 14 Oktoba

Kuku wa madoadoa anataka kuatamia. Nimemwekea mayai kumi kwenye kile kiondo.

Jumamosi, 18 Oktoba

Mumbe amepona. Ngozi laini, analala hageuki. Nimemwambia Wendy, "Umeona sabuni ya kipande?"

"Nimeona, Mama."

Hakusema ameona nini.

Ijumaa, 24 Oktoba

Shule imefungwa. Mumbe alirudi darasani siku chache za mwisho. Mwalimu ameandika kwamba anasoma vizuri lakini anaongea sana. Jina ni jina.

Jumatatu, 27 Oktoba

Tumepanda ndengu kwenye vumbi, tunangoja mvua. Wendy alichimba, mimi niliangusha mbegu, Mumbe alifukia kwa unyayo. Hatukuzungumza sana. Kazi ilikwenda.

Jumanne, 4 Novemba

Madoadoa ameangua tisa. Nimewatoa wote nje na mama yao. Yai moja lilikuwa bovu, Mumbe akalichukua kwenda kulitupa, likampasukia mkononi. Tumecheka hadi Wendy akakaa chini.

Alhamisi, 6 Novemba

Vimerudi.

Ijumaa, 7 Novemba

Sabuni ya kipande. Dawa ya daktari. Maji ya mwarobaini. Hakuna kitu. Amejikuna hadi damu, na kucha nimemkata mimi mwenyewe.

Jumamosi, 8 Novemba

Wendy amempeleka kwao Werugha. Naandika polepole ili niandike vizuri.

Asubuhi nilimkuta anakunja nguo. Nikamuuliza anakwenda wapi. Akasema kwa mamake, kuna baridi, pengine ni joto letu linalomla mtoto. Nikamwambia mke haondoki na mtoto bila mumewe kuwepo. Akasema Mutinda anajua, wamezungumza kwa simu.

"Kwa hivyo wa mwisho kujua ni mimi."

"Mama, siendi kwa hasira. Mtoto anachanika."

"Na watu watasema nini? Mtoto ana jina langu."

"Jina haliwashi, Mama. Ngozi ndiyo inawasha."

Alikuwa na macho mekundu, hakuwa amelala, na mikono yake imepasuka kwa kufua. Mikono ile niliyomwambia abadilishe. Alikuwa anafua kila siku na mimi nilikuwa nahesabu makosa yake.

Mumbe alikuwa amekaa juu ya begi akijikuna shingo kwa nyuma ya mkono, kwa sababu kucha hana.

"Susu, utawaangalia vifaranga wangu?"

"Wako tangu lini?"

"Tangu lile yai."

Nikasema nitawaangalia. Nikawasindikiza hadi barabara kuu, nikangoja wapate gari, nikarudi. Nyumba ni kubwa kumbe.

Jumanne, 11 Novemba

Mvua ya kwanza. Bati limelia mchana mzima. Hakuna mtu wa kumwambia.

Ijumaa, 14 Novemba

Wendy amepiga simu. Mumbe amepona kabisa, vilianza kukauka tangu siku ya pili. Nilifurahi, kisha mamake Wendy akachukua simu.

"Mama Mutinda, huku kuna baridi, kuna mboga, kuna maziwa. Mtoto ana ngozi kama nyanya."

"Mungu ashukuriwe."

"Januari atasoma hapa."

"Ana shule yake."

"Alifukuzwa."

"Hakufukuzwa. Alirudishwa."

"Kwetu ni kitu kimoja. Mama Mutinda, sikuchukii. Lakini ng'ombe wangu akiumwa kwenye malisho fulani simrudishi pale mpaka nijue kuna nini. Mkijua ni nini, mtatuambia."

Yule mama anasema ukweli kama mimi, na ndiyo maana simpendi.

Nina muda mpaka shule zifunguliwe. Nisipojua, Mumbe atakua huko, na atakuwa ananijia kama mgeni, na soda mkononi.

Jumapili, 16 Novemba

Nimevaa sweta ya Mumbe mabegani siku nzima. Nimeoga kwa sabuni ya maua. Nimekunywa maji yetu ya chumvi mpaka tumbo limelia. Nimekula karanga, mayai, samaki wa kukaanga wa barabarani, kila kitu anachokula. Hakuna hata kipele. Kinachomla Mumbe hakinitaki.

Jumatano, 19 Novemba

Dawa ya kuchua imeisha. Nimekata chupa kwa kisu na kupangusa ndani kwa kidole.

Ijumaa, 21 Novemba

Mvua. Mutinda amesema Jumapili hii hatakuja, malori yamekwama kwenye matope na kazi imemfika shingoni. Dawa italetwa wiki ijayo. Magoti yamesikia na yamekasirika.

Jumapili, 23 Novemba

Nimeamka nikijikuna.

Kiunoni, kwapani, nyuma ya shingo. Nilichukua kioo cha Wendy nikageuka mlangoni kwenye mwanga. Vidogo, vyekundu, vile vile. Nilicheka peke yangu kama kichaa. Kanisani sikwenda. Mbinya alipita kunichukua akanikuta nimejishika kiuno ninacheka, akauliza kuna nini.

"Nina upele!"

"Pole, Mama Mutinda."

"Pole ya nini? Ingia uone!"

Hakuingia.

Sasa nimekaa nafikiri. Wendy hayupo. Sabuni yake haipo, niliimaliza. Watu wa mlimani hawajakanyaga hapa. Mtoto wa kuambukiza hayupo. Niliyebaki ni mimi na kitanda. Na juzi juzi hapa kimepungua kitu kimoja tu, nacho ni ile dawa ya kuchua. Mumbe alikuwa anaikimbia kwa pua. Pengine na mwingine alikuwa anaikimbia.

Jumatatu, 24 Novemba

Ninaandika nikiwa nje, juu ya jiwe, na sitaingia ndani mpaka nimalize.

Nilianza asubuhi, jua lilipoingia dirishani. Nilitoa godoro, nikalipiga. Vumbi. Nikaangalia mbao za kitanda. Kunguni nawajua, nimeishi nao, hawakuwepo. Nikapiga magoti, na Mungu anajua nilivyopiga, nikaingiza mkono chini kuvuta kile kiondo ili nifagie. Nilipokitoa mwangani mkono wangu ulikuwa na majivu.

Majivu yalikuwa yanatembea.

Nikatandika leso nyeupe, nikakung'uta kiondo juu yake mara moja. Vitu vidogo kuliko mbegu ya wimbi, vingine vya kijivu, vingine vyekundu. Nikaminya kimoja kwa ukucha. Damu. Damu yangu.

Ni utitiri. Utitiri wa kuku naujua tangu nikiwa msichana. Ukimshika kuku anayeatamia unakupanda mkononi, unajipangusa, basi. Nilijua ni wa kuku. Sikuwahi kufikiri kwamba kuku akiondoka, wao hubaki. Kuku anapokaa juu ya mayai wanamla yeye, na mtoto analala vizuri. Anapoangua na mimi kumtoa nje kwa furaha, wanabaki kwenye kiondo na njaa yao. Na juu yao, karibu kama hivi, kuna kitanda, na kwenye kitanda kuna watu wawili, mmoja ananuka kafuri ya dawa ya kuchua na mwingine ananuka mtoto.

Vipele vilikuwa vinakuja kila nikitoa kuku. Sabuni ya kipande haikumponya. Aliyemponya ni Madoadoa, alipokalia kiondo akaliwa yeye.

Yule daktari aliuliza mbwa na paka. Tukasema hatuna, na kuku amekaa chini ya kitanda. Kwetu kuku wa kuatamia ni kama sufuria, nani hutaja sufuria?

Kiondo nimekichoma. Nilikisuka mwenyewe mwaka Mutinda alipozaliwa, katani ile niliisokota kwa paja langu. Kimewaka haraka.

Jumanne, 25 Novemba

Nimechemsha blanketi, nguo, pazia. Nimepaka mafuta ya taa kila kiungo cha kitanda. Godoro liko juani, mawingu yakija nalikimbiza ndani, yakiondoka nalitoa. Mbinya amekuja kusaidia kuchota maji. Nikamwonyesha leso niliyofunga ndani ya chupa. Akaangalia muda mrefu.

"Kumbe mambo yalikuwa hapa," akasema.

"Kwangu, si mlimani."

Amechota maji mpaka jioni.

Jumapili, 30 Novemba

Mutinda ameleta dawa ya kuchua, chupa mbili. Nimeziweka dirishani bila kufungua.

"Mama, si ulisema magoti?"

"Nikipaka sitajua kama wameisha."

"Nitalala mimi hapo."

"Wewe unanuka grisi."

Nimemwambia jinsi ilivyokuwa. Akauliza kama Wendy anajua. Nikasema bado. Akataka kumpigia simu hapo hapo. Nikamzuia. Kwa simu ni rahisi mno, na bado nina kipele kipya kimoja begani.

Alhamisi, 4 Desemba

Viwili. Mafuta ya taa tena, na maji ya moto kwenye nyufa za ukuta.

Jumatatu, 8 Desemba

Hakuna kipya. Magoti hayaniruhusu kusimama bila kushika mlango. Ndovu wamepita kwa Mbinya wakala matikiti ya mbegu. Kwangu hawakufika.

Jumatatu, 15 Desemba

Hakuna. Ndengu zimetoa maua.

Jumatano, 17 Desemba

Nimepanda Werugha. Ukungu mpaka huoni ng'ombe ila unamsikia. Mumbe alinikimbilia kwenye ngazi za shamba akanigonga tumboni, kisha akanusa.

"Susu, hunuki!"

"Nimejinyima dawa. Mwite nyanya yako."

Nilisema yote nikiwa nimesimama, kwa sababu nikikaa siinuki. Kiondo, kuku, utitiri, dawa ya magoti. Wendy alikuwa anamenya viazi, kisu kikasimama. Mamake Wendy alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo mwanangu si mchafu."

"Mwanao hajawahi kuwa mchafu. Ni kuku wangu."

"Na tulipoambiwa ni sabuni, mtoto akapona. Tukaambiwa ni dawa, akapona. Halafu vikarudi. Leo ni kuku. Nitajuaje?"

Swali lilikuwa zuri. Sasa, kwetu mkwe haoni mgongo wa mkwe. Ukikutana naye njiani hata kichwa unafunika. Nikageuka, nikavua blauzi, pale pale jikoni kwake, na baridi ile.

"Angalia. Nimelala kitanda kile kile, bila dawa, tangu Novemba. Vyeusi ni vya zamani. Tafuta chekundu."

Nikasikia mkono wake baridi unapita begani, kiunoni, unainua kwapa kama anakagua ndama. Alichukua muda wake.

"Hakuna," akasema. Akanifunika kwa leso yake mwenyewe. "Vaa, Mama Mutinda. Utakufa na nyumonia watu waseme nimekuua."

"Kwa hivyo anarudi?"

Wendy ndiye aliyejibu. Akaweka kisu chini.

"Natangulia mimi. Nitalala kwenye kile kitanda. Nikiwashwa hata pahali pamoja, Mama habanduki hapa."

Mama ni Mumbe. Sikubisha. Ningekuwa mimi ningesema hivyo hivyo.

Jumamosi, 27 Desemba

Wendy amekuja. Kitu cha kwanza, amefua mashuka kwa sabuni ya maua. Yananukia vizuri, kwa kweli.

Jumapili, 28 Desemba

Mke wa mwana hata kukaa kitandani kwa mama mkwe si desturi, sembuse kulala. Tumelala kama magunia mawili, kila mmoja anaogopa kumgusa mwenzake. Asubuhi aliniuliza kama alinipiga teke. Alinipiga.

Jumanne, 30 Desemba

Tukikagua mgongo wake mlangoni nikamwambia, "Lile neno la mkono nimelirudisha."

"Neno gani, Mama?"

Analijua. Ameamua kutolijua. Ngozi yake haina kitu.

Jumamosi, 3 Januari

Mutinda amemleta Mumbe. Vifaranga wake amewahesabu, akataka kujua kuku atalala wapi sasa. Nikamwonyesha sanduku ambalo babake amelitundika juu ya nguzo nne, lina waya mbele. Mweupe yumo, anaatamia.

"Na nguchiro?"

"Ni shida ya kuku."

Jumatatu, 5 Januari

Mumbe amekwenda shule na mamake. Mtoto mmoja alimwita lile jina, naye Mumbe akainua mikono na kumwonyesha kwapa mbele ya darasa. Mwalimu amelalamika. Sijui mtoto huyu amejifunza wapi.

Jumapili, 11 Januari

Wiki nzima, hakuna hata kipele. Leo nimefungua dawa ya kuchua, nikajipaka kuanzia kisigino hadi shingo. Mumbe ameshika pua, amesema nanuka kama hospitali, kisha amelala na mguu wake juu ya goti langu baya. Sikuuondoa.

Jumatatu, 12 Januari

Nguchiro ameng'oa waya, amekula mayai matano. Na ashibe.